Rekodi imefutwa, lakini fomu bado inauliza: nijibu nini?

Swali:

"Wakili, naomba msaada wako. Niko Lowell, Massachusetts. Tulikuja na wazazi 2013 kwa kadi ya kijani, nikiwa na miaka 17. Mwaka 2015 nilikamatwa dukani na koti la dola 180 ambalo sikulilipia. Mahakamani nilikubali maelezo, nikawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, nikalipa ada, kesi ikaondolewa. Mwaka 2022 hakimu aliamuru rekodi ifutwe kabisa. Sasa ni CNA (msaidizi wa muuguzi), nimeomba kazi hospitali moja, na fomu yao inauliza kama nimewahi kukamatwa au kutiwa hatiani. Rafiki yangu anasema niandike hapana. Mama anasema huo ni uongo na riziki ya uongo haina baraka. Tena nataka kuomba uraia mwaka huu. Nijibu nini? Fomu inatakiwa Ijumaa."

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kukosa usingizi juu ya kisanduku kimoja cha kuweka alama. Ijumaa iko karibu, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Kwenye fomu ya hospitali andika "no record", na kama kuna visanduku viwili tu, weka alama kwenye "No". Kwenye fomu ya uraia eleza kila kitu: koti, duka, tarehe, mahakama na amri ya kufuta. Najua majibu hayo mawili yanaonekana kugombana. Hayagombani, ila ni lazima ujue kwa nini, maana ninaowaona ofisini kwangu wengi hufanya kinyume. Humwungamia mwajiri asiye na haki ya kuuliza, halafu humficha afisa wa uhamiaji ambaye alama zao za vidole ziko mezani kwake.

Kwanza turudi mahakamani 2015, kwa sababu nina wasiwasi kwamba siku ile mambo yalikwenda mbio na hakuna aliyekueleza taratibu. Ulichopewa ndicho ambacho Massachusetts wanakiita CWOF, na mawakili wa huku hulitamka "siwofu". Ulikubali kwamba ushahidi uliokuwepo ungetosha kukutia hatiani. Hakimu hakuandika hatia. Aliliahirisha shauri kwa mwaka mmoja, ukakaa chini ya uangalizi, mwaka ukaisha bila kosa jipya, shauri likaondolewa. Kwa sheria ya jimbo hukuwahi kutiwa hatiani. Usidhani kwamba ulisamehewa hatia. Hatia haikuandikwa tangu mwanzo. Maana yake, hata kabla ya 2022, mwajiri angekuuliza "umewahi kutiwa hatiani?", ungejibu hapana na ungekuwa umesema kweli.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Fomu za kazi zina vitenzi vitatu: kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani. Mtu mwenye aibu husoma vyote vitatu kama kimoja. Anakumbuka pingu, anakumbuka kiti cha nyuma cha gari la polisi, anaweka alama kwenye "ndiyo". Wewe ulikamatwa. Ulishtakiwa. Hukutiwa hatiani. Anayejibu "ndiyo" kwa swali la hatia kwa sababu tu anakumbuka pingu amejisingizia, na hakuna atakayekuja kumsahihisha.

Kisha ikaja amri ya 2022. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya sana. La kwanza ni rekodi kutiwa lakiri. (Sipendi kusema "kufungwa", maana kwetu anayefungwa ni mtu, si faili.) Faili lililotiwa lakiri bado lipo, waajiri wengi hawalioni, lakini polisi wanaliona, na idara fulani za serikali, kama zile zinazosimamia vituo vya kulea watoto, zina mlango wao wa kuingilia. Kosa dogo hutiwa lakiri baada ya miaka 3, kosa kubwa baada ya miaka 7, na kwa kawaida ni suala la kujaza fomu na kuituma kwa Kamishna wa Uangalizi, bila kumwona hakimu.

La pili ndilo lako: kufutwa. Jimbo lilifungua mlango huo kwa sheria iliyotiwa saini Aprili 2018 na kuanza kutumika Oktoba mwaka huo, na mlango ni mwembamba. Kosa liwe limetendeka kabla hujatimiza miaka 21, rekodi zisizidi mbili, muda uwe umepita, kosa lisiwe kwenye orodha ndefu ya yaliyokatazwa, na hakimu aridhike kwamba haki inataka hivyo. Wewe umepita kote huko. Kufutwa kwa maana ya sura ya 276 ya sheria za Massachusetts ni kuharibiwa kwa rekodi, isibaki mahakamani, kwa polisi wala kwenye idara yoyote ya jimbo. Na sheria hiyohiyo imekuandikia jibu la kumpa mwajiri anayeuliza kuhusu kukamatwa, kufika mahakamani au kutiwa hatiani. Ni yale maneno mawili niliyokutajia juu. Hata fomu ya mwajiri inayouliza habari hizo inatakiwa iwe na tamko kwamba mwenye rekodi iliyofutwa anaruhusiwa kujibu hivyo.

Sasa ichukue fomu ya hospitali uisome tena, hasa yale maandishi madogo chini kabisa ambayo hakuna anayeyasoma. Tangu tarehe 4 Novemba 2010, mwajiri wa Massachusetts haruhusiwi kuuliza habari za jinai kwenye fomu ya kwanza ya maombi, isipokuwa kwa kazi chache ambazo sheria yenyewe inazuia watu wenye makosa fulani. Fomu nyingi unazokutana nazo zimetungwa makao makuu ya kampuni, jimbo jingine kabisa, zikasambazwa nchi nzima. Mara nyingi swali linakaa palepale, na mstari mmoja wa herufi kama sisimizi unasema waombaji wa Massachusetts wasilijibu. Ukiuona mstari huo, acha swali wazi na uendelee. Usipouona, jibu nililokupa linatosha.

Baadaye, wakikuita kwa mahojiano, wanaweza kuuliza, lakini hata hapo wana mipaka. Hawaruhusiwi kuuliza juu ya kukamatwa ambako hakukuishia kwenye hatia. Hawaruhusiwi kuuliza juu ya hatia ya kosa dogo ambalo limepita zaidi ya miaka 3 bila jingine. Na wakiwa wamechukua rekodi yako ya jimbo, ile CORI, wanatakiwa wakupe nakala kabla ya kukuuliza neno lolote juu yake. Kwa hiyo meneja akianza na "naona hapa kwenye CORI yako…", wewe mwambie kwa upole: naomba nione hiyo karatasi kwanza. Halafu nyamaza. Watu wetu wana tabia ya kuujaza ukimya kwa maelezo, na maelezo ndiyo yanayowaponza.

Nije kwa mama, maana hoja yake si ya kupuuzwa, na wewe utakula naye Jumapili. Anasema jambo lilitokea, kwa hiyo kusema halikutokea ni uongo. Angekuwa sahihi kama fomu ingeuliza "Je, uliwahi kuchukua koti?" Haiulizi hivyo. Inauliza kuhusu kukamatwa na kutiwa hatiani, yaani rekodi yako, na rekodi ni kitu cha serikali: serikali ndiyo inaiandika, serikali ndiyo inaifuta. Ndoa iliyobatilishwa na mahakama haimfanyi mtu kuwa mwongo anapoandika "sijaoa", ingawa wali wa harusi ulilika na picha zipo. Unajibu juu ya hali yako ya kisheria leo.

Mwambie pia kwa nini sheria ilikupa ruhusa hiyo. Mwaka 2003, mtafiti Devah Pager alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya Milwaukee. Aliwatuma vijana wa kiume kuomba kazi za ngazi ya chini wakiwa na sifa zilizolingana, tofauti ikiwa ni rangi na rekodi ya jinai. Weupe wasio na rekodi walipigiwa simu 34 kati ya 100, weupe wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi walipigiwa 14, na weusi wenye rekodi 5. Zitazame tena hizo namba. Mweusi msafi aliitwa mara chache kuliko mweupe aliyetoka jela. Wewe unaingia mlango huo ukiwa tayari umekatwa alama kwa jina lako na ngozi yako. Ukijiongezea mzigo ambao mahakama ilikutua, sioni baraka iko wapi.

Basi, hospitali ikituma jina lako kwa kampuni ya uchunguzi, itatokea nini? Hapa nina wasiwasi wa kweli, na ni hapa ambapo ningekutaka utumie dola zako chache kabla ya Ijumaa. CORI yako itakuwa safi. Lakini kampuni binafsi za uchunguzi hununua rekodi za mahakama kwa jumla, maelfu kwa maelfu, na kuzihifadhi kwenye mitambo yao. Kama kampuni ilinunua data 2016, kesi yako imo, na hakimu wa 2022 hakuwapigia simu. Nilikuwa na mteja, kijana wa Worcester, ambaye ripoti yake ilirudi na mistari miwili tu: namba ya shauri, na chini yake neno "imemalizika". Haikusema imemalizikaje. Meneja aliyeisoma alijaza mwenyewe.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni hizi inakupa njia. Mwajiri lazima akuombe idhini kwa maandishi, kwenye karatasi ya peke yake, kabla hajakuchunguza. Akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti, lazima akupe kwanza nakala ya ripoti hiyo na maelezo ya haki zako. Ukipata bahasha au barua pepe ya aina hiyo, usiifute kwa hasira. Siku hiyohiyo iandikie kampuni ya uchunguzi kwamba unapinga taarifa hiyo, ambatisha amri ya kufuta, na upeleke nakala kwa mwajiri ukiomba asubiri. Kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza upya. Yule kijana wa Worcester alisafishiwa ripoti ndani ya wiki tatu, na ile nafasi bado ilikuwa wazi kwa sababu alikuwa ameomba asubiriwe. Hakuelezea kesi. Barua yake ilikuwa na sentensi nne.

Usingoje lakini hadi ufike huko. Jichunguze mwenyewe kwanza. CORI yako binafsi unaiomba kwa jimbo kupitia mtandao kwa dola 25. Rekodi ya FBI, inayotafutwa kwa alama za vidole, ni dola 18. Hiyo ya pili ndiyo ya muhimu zaidi kwako, kwa sababu FBI si idara ya Massachusetts, na alama ulizochukuliwa 2015 zinaweza kuwa bado huko hata kama jimbo limefuta. Ni afadhali uione wewe kabla ya mtu mwingine.

Kuhusu majirani: sheria haifuti magazeti ya mtaa yanayochapisha majina ya waliokamatwa, wala haifuti kumbukumbu za kundi la WhatsApp. Lowell ni mji mkubwa, lakini Lowell yetu ni kijiji. Mtu akikuletea habari hiyo kazini, huna haja ya kubishana. Sema kwamba ni jambo ambalo mahakama ilishalifuta na kwamba kwa sheria huna rekodi, kisha rudi kwenye wodi.

Ukivuka mpaka kwenda kufanya kazi Nashua, kama wengi wanavyofanya, utakuta New Hampshire nao wana utaratibu wao, wanauita kubatilisha. Sheria yao inataka mwajiri aulize kwa namna hii: umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa ambalo halijabatilishwa na mahakama? Naona unaweza kulijibu hapana bila kigugumizi, maana ni mahakama iliyoifuta rekodi yako. Leseni ya uuguzi ni habari nyingine kidogo. Ukifika huko, soma swali la bodi ya jimbo husika neno kwa neno, kwa sababu bodi huuliza kwa maneno yao, na jimbo moja haliwezi kuiamuru bodi ya jimbo jingine iulize nini. Na kwa CNA wenzako wanaosoma hapa: daftari la wasaidizi wa wauguzi halihusiani na mahakama. Mtu aliyeandikwa humo kwamba alimtesa au kumwibia mgonjwa hasafiki kwa amri ya kufuta rekodi ya jinai. Wewe halikuhusu.

Serikali ya shirikisho ina tabia mbili, na inachekesha kidogo. Ukiomba kazi, tuseme, hospitali ya maveterani iliyoko Bedford, mojawapo ya karatasi utakazojaza inaitwa OF-306, na maelezo yake yanakuambia waziwazi usitaje hatia ambayo rekodi yake ilifutwa chini ya sheria ya shirikisho au ya jimbo. Ukiomba kazi inayohitaji kibali cha usalama, unapewa SF-86, nayo inakuambia utaje hata kilichofutwa, hata kilichotiwa lakiri, hata shauri lililoondolewa, isipokuwa kesi chache za dawa za kulevya zilizofutwa chini ya sheria maalumu ya shirikisho. Serikali moja, karatasi mbili, majibu mawili. Jeshi nalo liko upande wa SF-86: vijana wetu wanaotaka kujiunga, msimsikilize ofisa wa kuandikisha anayewaambia "hiyo ilishafutwa, usiitaje". Sahihi itakuwa yako, si yake.

Sasa uraia. Hapa vuta kiti.

Uhamiaji hawajui methali ya yaliyopita si ndwele. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka maana yake yenyewe ya "kutiwa hatiani" kwa ajili ya sheria za uhamiaji, na maana hiyo haijali jimbo linaitaje. Inatosha kwamba ulikiri hatia, au ulikubali maelezo yanayotosha kukutia hatiani, na hakimu akakupa adhabu au kizuizi cha aina yoyote. Sasa irudie hadithi yako mwenyewe: ulikubali maelezo, ukawekwa chini ya uangalizi, ukalipa. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Boston ilipelekewa shauri la "siwofu" ya wizi na ikasema ndiyo, hiyo ni hatia kwa uhamiaji. Na tangu 1999 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilishasema kwamba jimbo likifuta rekodi kwa sababu mtu amejirekebisha, hatia inabaki palepale machoni pa uhamiaji. Kwa hiyo kitu ambacho Massachusetts haikuwahi kukiita hatia, na ambacho imekiharibu, kwa Washington bado ni hatia. Nimewaeleza watu jambo hili mara nyingi na kila mara wananitazama kana kwamba ninatania.

Fomu ya uraia, N-400, inakuuliza kama umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani, na inakuonya kwa maandishi kwamba utaje hata kama rekodi ilitiwa lakiri au ilifutwa, hata kama hakimu au wakili alikuambia huna rekodi tena. Hapo "hapana" ni uongo, tena chini ya kiapo. Kosa la koti la 2015 liko nje ya ile miaka 5 ambayo afisa huipima tabia yako, ingawa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi. Koti hilo, peke yake, kwa kawaida halimnyimi mtu uraia. Kudanganya kwenye mahojiano kuhusu koti kunaweza kumnyima, kwa sababu ushahidi wa uongo ni sababu inayojitegemea, na hata ukipewa uraia leo, uongo uliofichwa unaweza kufukuliwa miaka mingi baadaye na uraia ukapingwa.

Kabla hujaituma, lakini, kuna karatasi moja nataka wakili wa uhamiaji aione: hati ya mashtaka. Uliingia 2013, kosa ni la 2015, ndani ya miaka 5 ya kwanza. Mwenye kadi ya kijani anaweza kufukuzwa nchini kwa kosa moja tu la kukosa uadilifu, kama wizi, likitendeka ndani ya miaka hiyo 5 na kama kosa lenyewe linaweza kubeba kifungo cha mwaka mmoja au zaidi. Kinachopimwa ni kifungo ambacho sheria iliruhusu, hata kama wewe hukulala jela usiku mmoja. Kwa bidhaa isiyofika dola 250, wizi wa dukani wa mara ya kwanza Massachusetts leo ni faini tu, lakini mwaka 2015 kikomo hicho kilikuwa dola 100. Kwa hiyo usidhani kwamba koti la dola 180, hata likishtakiwa kama wizi wa dukani, lilikuwa mbali na mstari huo wa mwaka mmoja. Na mashtaka yakiandikwa kama wizi wa kawaida wa mali ya thamani ndogo, sheria inaruhusu hadi mwaka mmoja, na mwaka mmoja ndio mstari wenyewe. Koti lilelile, siku ileile, tofauti ni kifungu ambacho polisi alikijaza kwenye fomu. Usijaze N-400 hadi ujue ni kifungu kipi. Na usikate tiketi ya Nairobi pia, maana maswali haya huulizwa vilevile uwanja wa ndege unaporudi.

Ndipo linapokuja tatizo ambalo karibu hakuna anayelifikiria mapema. Uhamiaji watakudai nakala iliyothibitishwa ya jinsi shauri lilivyoisha, na wewe ndiye mwenye mzigo wa kuileta. Utakwenda kwa karani wa mahakama, atatafuta jina lako, na hatapata kitu, kwa sababu kilifutwa. Ulichopigania 2022 sasa kinakuzuia kuthibitisha kwamba kosa lako lilikuwa dogo. Tafuta kwenye masanduku ya nyumbani: karatasi yoyote ya 2015 na 2016, risiti ya ada, barua ya afisa wa uangalizi. Mpigie wakili aliyekutetea wakati ule. Mawakili hukaa na mafaili yao kwa miaka, na amri ya mahakama haikumfikia kabatini. Kama umebaki na amri ya kufuta peke yake, ipeleke hiyo, pamoja na barua ya karani inayosema hawana rekodi, na maelezo yako mafupi uliyoyatia saini: siku gani, duka la namna gani, kilichukuliwa nini, kesi iliishaje. Usiongeze kilio. Usipunguze bei ya koti.

Na wewe msomaji mwingine usiye raia, ambaye rekodi yako bado haijafutwa na unaona wivu: kabla hujapeleka ombi, nenda mahakamani uchukue nakala zilizothibitishwa za kila karatasi, mbili mbili, muhuri ukiwa juu yake. Kisha muulize wakili wa uhamiaji kama kutia lakiri hakukutoshi. Waajiri wengi hawataona tofauti, na faili lako litakuwa bado lipo siku uhamiaji watakapolitaka.

Kwa hiyo, dada, usiku huu jaza ya hospitali uitume. Kesho asubuhi omba CORI na rekodi ya FBI, na umpigie yule wakili wa 2015. Ya uraia isogee mwezi mmoja au miwili, haina Ijumaa. Ukipata hati ya mashtaka, niandikie namba ya kifungu kilichotajwa humo. Usinitumie picha nzima, inatosha namba.